Kupanga mlo kamili kwa mwongozo wa chakula: vipimo vya jiko la Nyanda za Juu Kusini

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na udumavu, yaani kimo kifupi kuliko umri, kwa zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Njombe na Rukwa ziliifuata kwa karibu, na wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine kwa mahindi, maharage, viazi na parachichi. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo magonjwa ya kuhara, maji machafu na mama kukosa muda wa kulisha kwa sababu ya kazi za shamba. Lakini sehemu kubwa iko mezani: ugali upo wa kutosha, vingine ni vya kubahatisha.

Mwongozo wa chakula umetengenezwa kurekebisha hilo. Shida ni kwamba wengi wanaujua kama picha ya rangi iliyobandikwa ukutani kliniki, na picha haisemi ununue nini Jumamosi sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Ili ufanye kazi, lazima uugeuze kuwa kilo, madebe na mafungu, kisha upange wiki ukianzia kwenye kitoweo na mboga za majani. Ugali uamuliwe mwisho, kwa sababu ugali haujawahi kusahaulika.

Mwongozo upi, na unasema nini

Mwongozo wa kitaifa wa Tanzania Bara uliotolewa 2023 unagawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi yenye wanga na ndizi za kupika; mboga; matunda; jamii ya kunde, karanga na mbegu; vyakula vyenye asili ya wanyama; na mafuta yenye afya. Sukari haina kundi lake. Vipeperushi vya zamani vilikuwa na makundi matano, kunde zikichanganywa na nyama, na sukari ikikaa pamoja na mafuta. Ukikutana na cha zamani usikitupe, ila jua kwamba kutenganisha kunde na nyama kuna maana: maharage ya kila siku hayafuti haja ya dagaa, yai au maziwa. Vitamini B12 haipatikani kwenye maharage, na chuma chake huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama.

Miongozo ya nje nayo inazunguka sana kwenye simu. Marekani ilitoa piramidi 1992, na sahani 2011. Kanada nayo ilitoa mwongozo wake wa sahani 2019: nusu mboga na matunda, robo nafaka zisizokobolewa, robo vyakula vya protini, na maji ndiyo kinywaji. Uwiano huo ni mzuri kwa mtu anayekaa ofisini. Kwa anayelima kwa jembe la mkono kutwa nzima huko Mufindi, robo ya sahani ya ugali ni njaa. Anayefanya kazi ngumu aongeze chakula chote, ugali pamoja na kitoweo. Kosa la kawaida ni kuongeza bonge la ugali peke yake huku maharage yakibaki kijiko kilekile.

Jambo la pili ni kwamba sahani yenyewe haipo. Familia nyingi hula kwenye sinia moja, ugali upande huu na bakuli la kitoweo katikati, na mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba. Kwa hiyo pima sufuria. Ukipika kwa uwiano sahihi, watu wazima watajigawia vizuri kiasi. Mtoto wa chini ya miaka mitano ni lazima apakuliwe peke yake, maana kwenye sinia hashindi.

Vipimo bila mizani

Mkono wa mlaji unatosha, na una faida kwamba mtoto ana mkono mdogo.

Ugali, wali, ndizi au viazi: ukubwa wa ngumi moja kwa mlo kwa mtu wa kazi nyepesi, ngumi mbili kwa mwenye kazi nzito. Maharage, njegere au kunde zilizopikwa: kiasi cha kujaza kikombe cha robo lita hadi robo tatu yake, ambacho ni sawa na gramu 60 hivi za maharage makavu. Nyama au samaki: kiganja bila vidole. Dagaa wakavu: konzi moja. Mboga za majani zilizopikwa: ngumi moja, na kumbuka majani hunywea, hivyo fungu lililojaza beseni hutoa bakuli moja tu. Tunda: moja la ukubwa wa ngumi, au kipande cha papai cha ukubwa huo. Mafuta ya kupikia: vijiko viwili vya chakula kwa mtu kwa siku nzima, pamoja na yale yaliyokaanga maandazi.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa mkono hiyo ni ngumi tano. Vijiko viwili vya kabichi pembeni ya ugali ni gramu 60 au 70, kwa hiyo anayesema "mboga tunakula kila siku" anaweza kuwa mkweli na bado akawa mbali na kipimo.

Viazi mviringo havihesabiwi kwenye mboga. Magimbi, viazi vitamu vyeupe, mihogo na ndizi za kupika pia. Vyote viko pamoja na ugali. Wali na viazi vya nazi ni wanga juu ya wanga, na chipsi na ndizi za kukaanga vivyo hivyo. Viazi lishe vya rangi ya chungwa navyo ni wanga, ila vina vitamini A nyingi, na kwa sababu hiyo tu tungevipa nafasi mbele ya vyeupe.

Parachichi huwachanganya watu. Ni tunda, lakini lina mafuta mengi. Lihesabu kama tunda na papo hapo punguza mafuta ya kupikia siku hiyo. Lisiwe tunda pekee la wiki, kwa sababu vitamini C yake ni ndogo ukilinganisha na chungwa, pera au papai.

Anza na siku unayokula sasa

Kabla ya kupanga wiki mpya, andika mliyokula jana. Chukua siku ya kawaida ya nyumba ya Uyole au Makambako: asubuhi chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, mchana ugali na kabichi ya kukaanga, jioni ugali na maharage. Pitia makundi sita. Wanga upo mara tatu. Mboga mara moja, na ni nyeupe. Kunde mara moja. Mafuta yapo. Matunda hakuna, na cha asili ya wanyama hakuna.

Hiyo siku haihitaji kubomolewa. Nusu parachichi ipondwe na chumvi kidogo iliwe na viazi vya asubuhi. Kabichi iongezewe karoti mbili na konzi mbili za dagaa waliooshwa kwa maji ya moto. Baada ya maharage ya jioni kila mtu apate chungwa au pera, maana vitamini C husaidia chuma cha maharage kufyonzwa. Chai ya rangi isogezwe saa moja mbali na chakula, kwa sababu inazuia chuma hichohicho. Katika nyanda za chai, ambako kikombe hufuata kila mlo, hili ni badiliko lisilogharimu chochote na lenye faida kubwa kwa mjamzito na msichana aliyevunja ungo.

Kuanzia hapo, mpango wa wiki unakwenda kwa mfuatano huu. Kwanza pangilia vitoweo vya siku saba: milo sita au saba ya kunde, mitatu ya dagaa au samaki, miwili ya nyama au kuku, mayai yasambae katikati. Pili weka mboga za majani kwenye kila mlo mkuu, na hakikisha angalau siku nne ni za kijani kilichokolea: mchicha, figiri, majani ya maboga, mnavu, matembele, kisamvu. Kabichi na chainizi ni mboga, lakini zisishike wiki nzima. Tatu weka tunda la kila siku kwa kuangalia msimu. Wanga uje mwisho, na uzunguke: ugali usipande meza zaidi ya mara moja kwa siku kama kuna ndizi, viazi au mchele ndani.

Wengine wataona kupunguza ugali ni kuwanyima watu shibe. Maharage hushibisha kwa muda mrefu kuliko unga wa sembe, na hilo utaliona saa tisa alasiri.

Kapu la wiki la watu watano

Huu ni mfano wa nyumba ya baba na mama wanaofanya kazi za mikono, kijana wa miaka 14, mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 2. Mahitaji yao ya nishati ni kama kilokalori 10,000 kwa siku kwa jumla, na kapu hili linayakaribia.

- Unga wa dona kilo 6, mchele kilo 2, viazi mviringo au ndizi za kupika kilo 8
- Maharage makavu kilo 2 na nusu, sehemu yake inaweza kuwa njegere, kunde au choroko
- Karanga nusu kilo
- Dagaa wakavu nusu kilo, nyama au samaki kilo 1, mayai 12, maziwa lita 7
- Mboga za aina zote kilo 7, uzito wa baada ya kuchambua
- Matunda kilo 5, na parachichi 7
- Mafuta robo tatu ya lita
- Sukari isizidi nusu kilo
- Chumvi yenye madini joto, kiasi cha gramu 140

Mistari miwili ya mwisho ndiyo kipimo kizuri cha kujikagua. Kikomo cha chumvi ni gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichofura, na mtoto chini ya hapo. Pakiti ya nusu kilo kwa nyumba hii inapaswa kudumu wiki tatu na zaidi. Ikiisha kwa siku kumi, chumvi ni nyingi, na bado hujahesabu ile ya dagaa na ya viungo vya pakiti vinavyomwagwa kwenye supu. Kupunguza chumvi hakumaanishi kununua ya mawe isiyo na madini joto. Nyanda hizi zilikuwa na rovu kwa wingi kabla ya chumvi kuwekwa madini hayo, na udongo haujabadilika. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na moshi, na uitie mwishoni mwa mapishi.

Sukari ya nusu kilo ni kwa chai na uji tu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vinane hadi tisa vya chai, yaani zaidi ya gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema ni kheri mtu mzima asizivuke kwa siku.

Kubadilishana ndani ya kundi kunaruhusiwa, kwa kipimo. Kilo moja ya unga ni sawa na kilo nne na nusu za viazi mviringo kwa nishati, kwa sababu viazi ni maji mengi. Anayehama kutoka ugali kwenda viazi kwa uzito uleule ataona watoto wanaomba chakula saa mbili baadaye. Lita moja ya maziwa ina protini kama mayai matano. Gramu 100 za maharage makavu zina protini ya gramu 21 hivi, dona gramu 8 au 9. Tena protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huuziba, na ya maharage ina upungufu ambao mahindi huuziba. Ndiyo maana makande ni chakula bora kuliko sifa yake. Uwiano unaofaa ni mafungu mawili ya mahindi kwa fungu moja la maharage. Makande yenye maharage ya kuhesabika kwa macho ni mahindi ya kuchemsha.

Kuhusu dona: kukoboa kunaondoa kiini na pumba, pamoja na vitamini za kundi B, madini ya chuma na nyuzinyuzi. Hata hesabu ya gunia inakataa, kwani kilo 15 hadi 30 za kila kilo 100 za mahindi huishia kwenye pumba. Dona ina kasoro moja ya kweli: mafuta ya kiini huifanya ichache mapema na kuleta uchungu. Saga kidogo kidogo, za wiki mbili, hasa wakati wa mvua. Asiyeiweza ladha yake achanganye nusu kwa nusu na sembe, au anunue sembe iliyoongezwa virutubishi yenye alama hiyo kwenye mfuko.

Pale mpango unapoharibikia jikoni

Maharage ndiyo yanayowashinda wengi. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe karibu mita 2,000, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100. Maharage yanayoiva kwa saa moja na nusu kule chini Kyela huchukua muda mrefu zaidi Njombe, mkaa unakwisha, na mama anahitimisha kwamba maharage ni ghali. Suluhisho ni kuyaloweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, kumwaga maji hayo na kupika kwa mapya. Nunua ya msimu huu: yaliyokaa mwaka mzima kwenye joto hugoma kuiva hata yakilowekwa. Pika ya siku mbili kwa moto mmoja. Sufuria ya presha hulipa gharama yake mahali pa mwinuko kuliko pwani.

Magadi hulainisha haraka lakini huua vitamini B1, na kwenye mboga za majani huua vitamini C pia. Rangi ya kijani inayong'aa ya mboga iliyotiwa magadi isikudanganye. Maharage mekundu nayo yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemka kwa nguvu, hivyo usiyaache yakitokota kwa moto hafifu tangu mwanzo. Chemsha kwa nguvu angalau dakika kumi, ndipo upunguze moto.

Mboga za majani: osha kabla ya kukata, kata ukikaribia kupika, tumia maji kidogo au mvuke wake wenyewe, dakika tano hadi kumi zinatosha. Kuchemsha na kumwaga maji ni kumwaga vitamini. Kisamvu ndicho kinachotofautiana: kinapaswa kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa ili sumu yake itoke. Mafuta kidogo au karanga za kutwanga kwenye mboga za kijani, karoti na maboga ni lazima, kwa sababu vitamini A haifyonzwi bila mafuta.

Kwa upande wa mahindi na karanga, ukungu haukatwi kwa kupika. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, hustahimili moto wa jikoni, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Chambua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizosinyaa, na usizipeleke kwa kuku wa mayai ukidhani umeokoa kitu. Kupima ukavu kabla ya kuhifadhi, tia konzi ya mahindi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika mbili, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yarudishwe juani juu ya turubai. Unaolengwa ni asilimia 13.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2

Hadi miezi sita maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Baada ya hapo mtoto anahitaji angalau makundi matano kati ya manane yanayohesabiwa kwa umri wake, maziwa ya mama yakiwa moja. Mengine ni wanga, kunde na karanga, maziwa ya wanyama na mazao yake, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine.

Miezi 6 hadi 8 ale mara mbili au tatu kwa siku, akianza na vijiko viwili vitatu hadi nusu kikombe cha robo lita. Miezi 9 hadi 11 nusu kikombe, mara tatu au nne. Kuanzia mwaka mmoja robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, pamoja na asusa moja au mbili.

Uji mwepesi huchangia udumavu huku ukionekana kama malezi mazuri. Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji hakuna nafasi ya chakula. Uji uwe mzito kiasi cha kushika kwenye kijiko, usitiririke. Uongezewe maziwa, kijiko cha karanga zilizosagwa, au dagaa waliosafishwa na kusagwa laini.

Na ule unga unaoitwa wa lishe, wenye mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga mle mle, tungeuacha. Nafaka nne bado ni kundi moja. Soya isiyokaangwa vizuri humsumbua mtoto tumbo, karanga zilizosagwa na kukaa wiki kadhaa huchacha na zinaweza kubeba sumukuvu, na kila kiungo kina muda wake wa kuiva. Chukua nafaka moja, ongeza vingine wakati wa kupika. Yai moja lililopondwa kwenye viazi lina faida kuliko vikombe viwili vya uji huo.

Mjamzito aongeze mlo mmoja mdogo kwa siku, na ameze vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asifuate kapu la hapo juu bila kuongea na mtaalamu wa lishe wa hospitali ya wilaya, kwani vipimo vyake ni tofauti.

Msimu, akiba na pesa zikipungua

Mvua za Novemba hadi Aprili huleta mboga kila kona, na masuku na maembe mwanzoni. Kiangazi kinachofuata hutegemea vinyungu, yaani bustani za mabondeni penye unyevu. Mwenye kinyungu asipande kabichi na nyanya za kuuza tu. Matuta mawili ya figiri au sukuma wiki na moja la karoti yanalisha nyumba ya watu watano miezi ya ukame, mradi uchume majani ya chini na kuacha kilele. Asiye na kinyungu akaushe wakati wa wingi: chovya majani kwenye maji yanayochemka dakika mbili, yakamue, yaanike kivulini penye upepo au kwenye kaushio la jua lililofunikwa. Juani moja kwa moja vitamini A hupotea.

Akiba ihesabiwe siku ya kuvuna, kabla mnunuzi hajafika na lori. Kwa kapu la juu, maharage kilo 2 na nusu kwa wiki ni kilo 130 kwa mwaka, yaani gunia la kilo 100 na debe moja na nusu. Mahindi ya dona ni magunia matatu na nusu ya kilo 100. Hivyo viwekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa vikiwa vikavu kweli, kinachobaki ndicho cha kuuza. Anayeuza maharage yote mwezi wa sita atayanunua Januari kwa bei nyingine, na mara nyingi hanunui kabisa. Kwa maziwa na mayai sheria iwe rahisi: ya nyumbani hutolewa kwanza asubuhi, ndipo chombo kiende kwa mnunuzi. Kinachosubiri kubaki jioni hakibaki.

Pesa zikipungua, kata kwa mpangilio huu: soda na juisi za pakiti, sukari, nyama ya ng'ombe, mchele, mafuta hadi nusu lita kama karanga na parachichi zipo. Kamwe usianze na matunda na dagaa, ingawa ndivyo wengi hufanya kwa sababu vinaonekana vya ziada. Nusu kilo ya dagaa hutoa milo mitatu kwa watu watano, na mifupa yao midogo ikiliwa yote huleta kalsiamu kwa asiyepata maziwa. Walio karibu na Ziwa Nyasa wana usipa, ambao hufanya kazi ileile. Kata vichwa ukitaka kuondoa uchungu, waoshe kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke, wakaange kwa kitunguu na nyanya dakika kumi. Kwa mtoto wa miaka 2, waliokaushwa tena kidogo kwenye kikaango watwangwe na kuchekechwa, unga wao ukae kwenye chupa yenye mfuniko, na kijiko kimoja cha chakula kiingie kwenye uji au mboga yake kila siku. Chupa ikiisha ndani ya wiki mbili, twanga nyingine, usitengeneze ya mwezi.